Kuzibua mirija ya nyongo kwa kamera: hatari nyingi huamuliwa kabla mgonjwa hajapanda kitandani

Muuguzi wa Endoskopia (mleta uzi)

Wanajamvi, habari zenu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye korido ya kitengo chetu ni hili: "Je, hii ni operesheni?" Ndugu wa mgonjwa huwa amesimama na bahasha ya picha mkononi, mgonjwa mwenyewe yuko kwenye kiti cha magurudumu, macho yake yamekuwa ya njano kama bizari, na mtu anayepita kwa haraka huwajibu kwamba si operesheni, ni kamera tu. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha endoskopia kwa miaka 11, na neno hilo "tu" limenisumbua kwa muda mrefu kiasi kwamba nimeona nianzishe uzi huu, niandike kwa utulivu mambo ambayo kwenye korido sipati nafasi ya kuyaeleza.

Kamera ya kawaida ya tumbo huingia, hutazama na kutoka. Utaratibu ninaouzungumzia hapa, ambao hospitalini unafahamika kwa herufi ERCP, huenda mbali zaidi ya hapo. Kamera yenye jicho la pembeni hupitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, inatafutwa chuchu ndogo iliyo ukutani mwa utumbo, na kupitia kitundu cha chuchu hiyo daktari huingiza waya mwembamba, hukata msuli kwa umeme, huvuta mawe au huacha mrija mdogo wa plastiki au wa wavu wa chuma, yaani stenti, ili nyongo ipite. Ugumu unatokana na jinsi tulivyoumbwa: kwa watu wengi kitundu hicho ni mlango wa mirija miwili, mmoja unaoleta nyongo kutoka kwenye ini na mwingine unaoleta maji ya kongosho. Anayetafuta mrija wa nyongo anaweza, bila kukusudia, kuusumbua ule wa kongosho, na kongosho likisumbuliwa huvimba. Katika takwimu zinazotumiwa na vyama vya wataalamu, hali hiyo huwapata wagonjwa kati ya 3 na 10 katika kila 100, na kwa wale wenye hatari kubwa hufikia karibu 15. Wengi wao hupona baada ya siku chache za maumivu na dripu, lakini wachache hulazwa chumba cha uangalizi maalumu, na wapo wanaofariki. Kutokwa damu, utumbo kutoboka na maambukizi hutokea pia, ingawa kwa viwango vidogo zaidi.

Sisemi haya ili kuwatisha watu waikimbie huduma hii. Mtu ambaye jiwe limeziba mrija wake, nyongo ikageuka usaha na homa ya kutetemeka ikaanza, anaweza kufa ndani ya siku mbili asipozibuliwa, na nimeshuhudia wagonjwa wa namna hiyo wakikaa kitandani na kuomba uji asubuhi iliyofuata. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya usalama wa kazi hii haiko kwenye mkono wa daktari peke yake. Iko kwenye maamuzi yanayofanywa kabla kamera haijafika kinywani, na kwenye yale yanayofanywa, au kusahauliwa, baada ya mgonjwa kurudi nyumbani.

Uamuzi wa kwanza ni kama mgonjwa anahitaji utaratibu huu kabisa. Daktari William McCune na wenzake wa Washington walipoonyesha mwaka 1968 kwamba kamera inaweza kufika kwenye mirija hiyo, hapakuwa na njia nyingine rahisi ya kuiona. Mwaka 1974 wataalamu wa Ujerumani na Japani walianza kukata msuli wa kitundu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Nib Soehendra wa Hamburg akaanza kuacha stenti ndani ya mrija. Siku hizi tunazo altrasaundi, CT na MRCP, ambayo ni picha ya sumaku inayoonyesha mirija yote bila kumgusa mgonjwa kwa waya. Kwa hiyo kumwingizia mtu kamera hii ili "kuangalia" tu ni jambo lisilokubalika tena. Daktari Peter Cotton, mmoja wa waliojenga taaluma hii, aliandika mwaka 2001 kwamba utaratibu huu ni wa hatari zaidi kwa wale wanaouhitaji kidogo zaidi, na miaka 13 baadaye utafiti uliofanyika Marekani ulimpa haki. Wagonjwa 214 wenye maumivu ya ubavu wa kulia, ambao vipimo vyao havikuonyesha kuziba popote, waligawanywa: baadhi walikatwa msuli na wengine waliingizwa kamera bila kukatwa. Waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 23 kwa waliokatwa na asilimia 37 kwa wasiokatwa. Mwanamke kijana mwenye maumivu, mwenye mrija mwembamba wa kawaida na vipimo vizuri vya ini, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kongosho kuvimba, na ndiye mwenye faida ndogo zaidi ya kutarajia.

Uamuzi wa pili unahusu damu. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili hushindwa kufyonza mafuta na vitamini zinazosafiri pamoja nayo, ikiwemo vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza vigandishi vya damu. Ndiyo maana mgonjwa aliyekaa na macho ya njano kwa mwezi mzima anaweza kuvuja damu kwa urahisi hata kama hajawahi kutumia dawa yoyote. Kipimo cha kuganda kwa damu kinachoitwa INR hakina gharama kubwa, na sindano ya vitamini K ni ya bei nafuu zaidi, lakini sindano hiyo huhitaji saa kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo kuikumbuka mgonjwa akiwa tayari mezani ni sawa na kutoikumbuka. Hapohapo mgonjwa aulizwe, kwa lugha anayoielewa, kama anatumia dawa za kulainisha damu. Wengi hujibu hapana kwa sababu wanazijua kama "dawa za moyo". Nimejifunza kuomba mfuko wenyewe wa dawa, niutazame kidonge kwa kidonge.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba kila msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 602, wengi wao wenye hatari kubwa. Nusu waliwekewa indomethasini, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, nusu nyingine wakawekewa kidonge kisicho na dawa. Kongosho lilivimba kwa asilimia 16.9 ya waliokosa dawa na kwa asilimia 9.2 ya walioipata. Hiyo ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, inayojulikana na kila mfamasia, na daiklofenaki ya kiasi hichohicho hutumika vilevile. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa endoskopia cha Ulaya unaelekeza ipewe kila mgonjwa muda mfupi kabla ya utaratibu, isipokuwa mwenye sababu ya kukatazwa, kama vile mzio wa dawa za jamii hiyo, figo zilizochoka au mimba iliyokomaa. Kwa aliye katika hatari kubwa huongezwa stenti ndogo ya muda kwenye mrija wa kongosho. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2024, wenye wagonjwa 1,950, ulionyesha kwamba kutegemea dawa peke yake kuliacha asilimia 14.9 wakivimba kongosho, ilhali walioongezewa stenti walikuwa asilimia 11.3. Stenti hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali, lakini dawa ya njia ya haja kubwa inapatikana, na huwa inaniuma sana ninaposikia kwamba mahali fulani haikuwekwa kwa sababu hakuna aliyeiandika kwenye orodha, au kwa sababu mgonjwa ni mtu mzima mwenye heshima zake na muuguzi aliona haya.

Kuhusu mkono wa daktari nitasema machache, kwa kuwa mimi si daktari, ingawa nimesimama ubavuni mwa wengi. Waya hutangulia, dawa ya rangi ya kuonekana kwenye eksirei hufuata, maana kumwaga rangi ovyo ndiko kunakoshindilia mrija wa kongosho. Upo mpaka ambao wataalamu wa Ulaya wameuweka: ukigusa chuchu zaidi ya mara 5, ukizidisha dakika 5, au waya ukiingia kwenye kongosho zaidi ya mara 1, hapo kazi imekuwa ngumu na ni lazima mbinu ibadilishwe. Katika chumba chetu muuguzi mmoja ana jukumu la kuhesabu kwa sauti. Mwanzoni baadhi ya madaktari hawakupenda. Leo wakikuta hakuna anayehesabu, wenyewe huuliza ni nani anayehesabu leo. Pale ambapo mrija umejaa usaha, nyongo ivutwe kwanza ndipo rangi kidogo iingie, na mgonjwa aliye taabani aachiwe stenti peke yake, mawe yasubiri siku atakayokuwa na nguvu. Na pale ambapo uvimbe umeziba njia panda ya mirija ndani ya ini, rangi isipelekwe kwenye tawi ambalo halitazibuliwa, kwa sababu tawi lililotiwa rangi na kuachwa limefungwa hugeuka jipu. Ramani ya MRCP ichukuliwe kabla, ili daktari ajue anaelekea tawi gani.

Halafu kuna usafi wa kamera yenyewe. Ncha ya kamera hii ina kijiko kidogo kinachoinuka na kushuka ili kuelekeza waya, na nyuma ya kijiko hicho kuna mianya ambayo brashi haifiki kwa urahisi. Kati ya mwaka 2012 na 2015 bakteria sugu kwa dawa walisambaa kwa kamera hizi katika hospitali za Marekani na Ulaya. Ripoti ya Seneti ya Marekani ya Januari 2016 ilihesabu milipuko isiyopungua 25 na wagonjwa wasiopungua 250, ikiwemo ile ya Seattle na Los Angeles iliyotangazwa sana. Jambo lililowashtua wataalamu ni kwamba baadhi ya hospitali hizo zilikuwa zimefuata maelekezo ya mtengenezaji ya kuosha. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipendekeza hospitali zihamie kwenye kamera zenye ncha ya kutumia mara moja na kutupwa, na mwishoni mwa mwaka huo ikaidhinisha kamera nzima ya kutumia mara moja. Vifaa hivyo vina bei ambayo vitengo vingi vya kwetu haviwezi kuimudu. Kilichobaki mikononi mwetu ni kuosha kwa uaminifu: kamera isafishwe palepale kitandani kabla uchafu haujakauka, ipimwe kama inavuja, kijiko kipigwe brashi kikiwa kimeinuliwa na kikiwa kimeshushwa, ilowekwe kwenye dawa kwa muda wote uliopangwa, isuuzwe kwa maji yaliyochujwa, kisha ipulizwe hewa mpaka ikauke ndani na itundikwe wima. Kukausha ndiko kunakorukwa zaidi, kwa sababu foleni ni ndefu na kamera ni moja. Unyevu ukibaki ndani usiku kucha, bakteria hujenga utando ambao dawa ya kesho haiuvunji.

La mwisho ni stenti iliyosahauliwa. Mama mmoja alirudishwa kwetu na wanawe akitetemeka kwa homa, ameshaanza kuchanganyikiwa. Alikuwa amewekewa stenti ya plastiki kwenye hospitali nyingine miezi 14 kabla, akapona macho, akarudi shambani. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya mwili wake kuna kitu cha kutolewa. Stenti ya plastiki hubadilishwa au kutolewa kwa kawaida ndani ya miezi 3, kwa kuwa tope la nyongo na bakteria huiziba. Tulipoivuta ilikuwa nyeusi na imejaa tope kutoka ncha hadi ncha. Alinusurika baada ya wiki 2 wadini. Tangu siku hiyo ninaandika kila stenti kwenye daftari la kitengo, pamoja na namba za simu za ndugu wawili, si mmoja, na kila Ijumaa ninapiga simu.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mwalimu Mstaafu

Nashukuru kwa somo hili, nimelisoma mara mbili. Mdogo wangu ana umri wa miaka 61, amegundulika na uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, na daktari wa upasuaji amesema unaweza kuondolewa. Macho yake ni ya njano. Mmoja anatuambia azibuliwe kwanza kwa kamera ndipo apasuliwe, mwingine anasema apasuliwe moja kwa moja. Familia imegawanyika, na kila upande unaona mwenzake anamwua ndugu yetu. Tufuate upi?

Muuguzi wa Endoskopia (mleta uzi)

Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa mtihani huu. Madaktari wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kulingana na jambo moja: upasuaji utakuwa lini.

Waholanzi walilitafiti swali hilihili na kutoa majibu mwaka 2010. Wagonjwa 202 wenye uvimbe wa kichwa cha kongosho na manjano ya kiasi waligawanywa, baadhi wakapasuliwa ndani ya wiki moja, wengine wakazibuliwa kwanza na kusubiri wiki 4 hadi 6. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 39 ya waliopasuliwa mapema na asilimia 74 ya waliozibuliwa kwanza, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na stenti zenyewe kuziba na kuleta maambukizi. Kwa hiyo kama meza ya upasuaji ipo wiki ijayo, na ndugu yetu hana homa, manjano peke yake si sababu ya kumwingizia kamera.

Lakini stenti zilizotumika katika utafiti ule zilikuwa za plastiki, zenye upana wa karibu milimita 3, ilhali za wavu wa chuma hufunguka hadi milimita 10 na hukaa wazi muda mrefu zaidi. Pia kwetu wiki moja inaweza kugeuka miezi miwili kwa sababu ya foleni, damu ya kuongezewa au fedha. Kama hali ndiyo hiyo, au ana homa ya kutetemeka, au kipimo cha bilirubini, yaani ile rangi ya njano kwenye damu, kimepanda juu sana, au anatakiwa kuanza dawa za saratani kabla ya upasuaji, au muwasho umemnyima usingizi kiasi cha kuvunjika moyo, basi kuzibua kwanza kuna maana, na muulize daktari kuhusu stenti fupi ya chuma. Naomba mwombe ratiba ya upasuaji iwe tarehe iliyoandikwa, kisha mrudi na swali lenu kwa madaktari wote wawili wakiwa pamoja. Na picha ya CT ya kongosho ichukuliwe kabla ya stenti kuwekwa, maana stenti na kongosho linaloweza kuvimba baada yake huharibu picha, na daktari wa upasuaji atashindwa kuona kama uvimbe umegusa mishipa mikubwa.

Daktari wa Wilaya

Mleta uzi ameandika vyema, na ninaongeza upande wetu sisi tunaotoa rufaa. Hapa nilipo, kituo chenye kamera ya namna hii kiko umbali wa saa 10 kwa basi. Wagonjwa wengi hufika huko wakiwa wamechelewa, na lawama huangukia kamera ilhali kosa lilianza kwangu au barabarani. Siku hizi mgonjwa mwenye manjano ya kuziba ninampa sindano ya vitamini K siku ninayoandika rufaa, ili ifanye kazi akiwa njiani. Mwenye homa, maumivu na manjano kwa pamoja, dalili tatu ambazo daktari Charcot wa Ufaransa alizieleza mwaka 1877, hapandi basi kabla hajapata dozi ya kwanza ya antibiotiki na maji ya mshipani. Na presha ikiwa imeshuka au akili imeanza kuyumba, anakwenda kwa gari la wagonjwa usiku huohuo.

Nina wasiwasi mmoja. Mgonjwa akisoma orodha hii ndefu ya hatari, anaweza kukataa kwenda na kurudi kwa mganga. Mwaka jana nilimpoteza mzee aliyekataa rufaa kwa sababu jirani yake alifariki baada ya kamera. Tusisahau pia kwamba palipo mbali na kamera, mtaalamu wa picha anaweza kuzibua kwa sindano kupitia ngozi ya ubavu hadi kwenye ini, na daktari wa upasuaji anaweza kuunganisha mrija wa nyongo na utumbo.

Muuguzi wa Endoskopia (mleta uzi)

Daktari, nimepokea, na hilo la vitamini K siku ya rufaa nitaliomba liwekwe kwenye fomu zetu za rufaa. Kuhusu woga, ninaona tofauti kidogo. Yule mzee alisikia habari ya kifo bila kusikia habari nyingine yoyote. Nikikaa na mgonjwa kwa dakika 15, nikamweleza kwamba katika watu 100 wenye hali kama yake wachache watapata maumivu ya kongosho, kwamba tuna dawa ya kupunguza idadi hiyo, na kwamba jiwe lisipotoka kuna hatari hii na hii, karibu wote husaini kwa moyo mkunjufu. Niliowaona wakikasirika ni ndugu waliokuwa wameambiwa ni kamera tu, kisha mgonjwa wao akalazwa siku 9.

Kuhusu njia ya ubavuni, nakubaliana nawe, na kwa uvimbe wa juu kwenye njia panda ya mirija mara nyingine ndiyo bora kuliko kamera. Mfuko wa nje huwachosha wagonjwa na mrija huchomoka, kwa hiyo ndugu wafundishwe kuutunza kabla ya kuruhusiwa.

Mama Wawili

Dada, mimi ni mama wa kijana wa miaka 17 mwenye selimundu. Macho yake yamekuwa ya njano tangu utotoni, yanapanda na kushuka. Mwezi huu yamezidi, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na altrasaundi imeonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Tumeambiwa huenda akahitaji ERCP. Ninaogopa, kwa sababu kila akilazwa hupata maumivu makali ya mifupa.

Muuguzi wa Endoskopia (mleta uzi)

Mama, nashukuru umeuliza, kwa sababu watoto wetu wa selimundu wanastahili uzi wao peke yao. Chembe zao nyekundu za damu huvunjika haraka, rangi inayotokana na kuvunjika huko hupitia kwenye nyongo, na baada ya miaka huganda kuwa mawe meusi. Kwa hiyo kuna manjano ya aina mbili kwa mtoto mmoja: yale ya damu kuvunjika, ambayo kamera haiwezi kuyasaidia hata kidogo, na yale ya jiwe kuteremka na kuziba mrija mkuu.

Tofauti huonekana kwenye vipimo. Bilirubini hugawanywa sehemu mbili, na sehemu iliyokwisha kupita kwenye ini ikiwa ndiyo iliyopanda, pamoja na kimeng'enya kinachoitwa ALP, hapo kuziba kunawezekana, ingawa ini la mgonjwa wa selimundu linaweza kupandisha vipimo hivyo kwa sababu nyingine. Mawe kuonekana kwenye mfuko wa nyongo hakuthibitishi kwamba lipo jiwe kwenye mrija. Uliza mambo mawili: mrija mkuu una upana wa milimita ngapi, na je, jiwe limeonekana ndani yake? Kama majibu hayako wazi na kijana hana homa, aombewe MRCP kwanza.

Ikithibitika kwamba kuna jiwe ndani ya mrija, kuliondoa kwa kamera ni jambo jema, na hofu yako ya maumivu ya mifupa ina msingi, kwa sababu kiu, baridi na upungufu wa oksijeni ndivyo vinavyoamsha maumivu hayo. Asilazwe na njaa na kiu tangu jioni bila dripu. Awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Chumba cha kamera huwa na baridi ya kiyoyozi, kwa hiyo mwombee blanketi, na usiogope kuonekana msumbufu. Apewe oksijeni muda wote na daktari wa usingizi awepo, maana hulala kifudifudi na pumzi huweza kupungua bila kuonekana. Daktari wake wa damu ajulishwe mapema, yeye ndiye atakayeamua kama anahitaji kuongezewa damu kabla. Figo zake zipimwe, kwa sababu selimundu huweza kuzidhuru, na ile dawa ya njia ya haja kubwa haifai kwa figo zilizochoka. Na mrija ukishasafishwa, mfuko wa nyongo wenye mawe upangiwe kuondolewa bila kuchelewa, la sivyo jiwe jingine litateremka na mtarudi mezani.

Fundi wa Vifaa Tiba

Ninafanya matengenezo ya mashine hospitalini. Nimeona waya na visu vilivyoandikwa kutumika mara moja vikioshwa na kurudishwa kazini hata mara 5 au 6. Mleta uzi hakuligusa hili. Pia, maji yakikatika katikati ya kuosha kamera, mnafanyaje?

Muuguzi wa Endoskopia (mleta uzi)

Fundi, umenigusa palipo na kidonda. Kisu cha kukatia msuli kina njia nyembamba ambayo jicho haliwezi kuthibitisha kwamba imesafishika, na ganda lake la kuzuia umeme huchakaa, umeme ukavuja mahali pasipotakiwa. Mimi ninasimama upande wa kutorudia. Ninajua kwamba mahali pengine uchaguzi ni kati ya kisu kilichorudiwa na mgonjwa kukosa huduma, na siwezi kumhukumu aliye huko, lakini mgonjwa ana haki ya kujua, na kila kifaa kilichorudiwa kiandikwe, ili maambukizi yakitokea tuweze kufuata nyayo.

Kuhusu maji, tunajaza tangi dogo lenye kichujio asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, na tangi likiwa tupu orodha ya siku hiyo inasimama. Tulishasimamisha mara mbili mwaka huu, ndugu wakalalamika, nami nikatoka nje kuwaeleza mwenyewe. Kamera iliyokatishwa katikati hairudi kwa mgonjwa, huanza upya kutoka hatua ya kwanza.

Nyota ya Pangani

Nimefika kwenye habari ya yule mama wa miezi 14 nikasimama. Baba yangu aliwekewa kitu mwaka jana mwezi wa kumi na mmoja, hospitali ya mjini, macho yakapona. Hatuna kadi wala tarehe. Yeye anasema yuko salama, anakwenda baharini kama kawaida. Wiki hii ameanza kukosa hamu ya kula na kujikuna mikono.

Muuguzi wa Endoskopia (mleta uzi)

Ndugu yangu, usingoje macho yageuke. Kujikuna na kukosa hamu ya kula kwa mtu mwenye stenti ni dalili ya kutosha. Kesho asubuhi mpelekeni hospitali iliyo karibu, waombeni kipimo cha bilirubini na ALP, na eksirei ya kawaida ya tumbo. Stenti huonekana kwenye eksirei, iwe ya plastiki au ya chuma, kwa hiyo mtajua kama bado ipo na ni ya aina gani hata bila kadi. Wakati huohuo mtu mmoja wa familia apige simu au aende hospitali ya mjini na jina kamili la baba na mwezi aliolazwa, aombe nakala ya ripoti kutoka daftari la endoskopia, si la wadi, kwa kuwa mara nyingi stenti imeandikwa huko peke yake. Kama homa ya kutetemeka itaanza hata usiku huu, msisubiri asubuhi. Na asiende baharini wiki hii, kwa sababu homa ikimkuta huko hakuna wa kumrudisha kwa wakati.

Niandikie humu eksirei ikitoka. Nitakuwa zamu hadi saa 2 usiku na nitaufungua uzi huu nikifika nyumbani.